MWALIMU WA MWANAFUNZI MMOJA

Katika magazeti ya shule tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari, mabaharia na wavumbuzi. Walimu hawatajwi sana, na wakitajwa huwa ni wale walioanzisha shule kubwa au walioandika vitabu vya kusomesha. Bibi ambaye nataka kuwaeleza wasomaji habari zake hakuanzisha shule yo yote, wala hakuandika kitabu. Kwa muda wa miaka karibu hamsini alikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Lakini walimu wa vipofu na wa viziwi katika nchi nyingi wanalijua jina lake, na watu wengi wasiolijua jina lake wanalijua la mwanafunzi wake, Helen Keller. Bibi huyo aliitwa Anne Sullivan.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wamehama Ireland kwa sababu ya umaskini, na umaskini ule ule wakaukuta tena ng'ambo. Baba alikuwa mtu wa vibarua, na pombe ilimshinda. Anne alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alishikwa na trakoma, ugonjwa wa macho ambao hata huku kwetu unajulikana, hasa katika sehemu kavu zenye vumbi na nzi, ambako maji ya kunawa uso ni shida. Mgonjwa asipotibiwa, kope hujikunja ndani na kukwaruza mboni, na mwisho hupofuka. Anne hakutibiwa. Alipokuwa na miaka minane mama yake akafa, na baada ya muda baba akawaacha watoto. Mdogo wao wa kike akachukuliwa na jamaa. Anne, ambaye alikuwa haoni vizuri, na mdogo wake Jimmie, ambaye alikuwa akichechemea kwa ugonjwa wa nyonga, hawakupata mtu wa kuwachukua. Tarehe 22 Februari 1876 wakapelekwa katika nyumba ya maskini ya serikali ya jimbo, mahali paitwapo Tewksbury.

Nyumba hiyo ilikuwa kama jalala la watu. Wazee wasio na jamaa, wenye wazimu, wagonjwa wa kila namna, wanawake waja wazito waliofukuzwa kwao, wote walitiwa humo. Panya walijaa. Watoto wale wawili walikuwa wakichezea katika chumba walimowekwa maiti kabla ya kuzikwa, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuchezea. Haikupita miezi mingi Jimmie akazidiwa. Usiku mmoja Anne aliamka, akapapasa mahali pa kitanda cha nduguye, akaona hakipo. Akaenda kwa kupapasa mpaka katika chumba kile cha maiti, akakikuta kitanda humo. Alikuwa na miaka kumi. Maisha yake yote hakupenda kusimulia habari za Tewksbury, na hata Helen hakuelezwa mpaka alipokuwa mtu mzima kabisa.

Akakaa katika nyumba ile zaidi ya miaka minne. Hakujua kusoma wala kuandika jina lake. Lakini alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba ziko shule ambazo vipofu hufundishwa kusoma, na neno hilo halikumtoka. Mwaka 1880 wakaja wakubwa kukagua nyumba, na mkubwa wao alikuwa Bwana Frank Sanborn. Anne akawafuata chumba kwa chumba, bila ya kujua ni yupi Bwana Sanborn kwa sababu macho yake hayakumwonyesha. Walipokuwa karibu kuondoka akajitupa katikati yao, akalia kwa sauti kwamba anataka kwenda shule. Basi tarehe 7 Oktoba mwaka ule ule akaingia shule ya vipofu ya Perkins katika mji wa Boston, akiwa na miaka kumi na minne, na hana nguo ya kulalia wala mswaki.

Akawekwa darasa moja na watoto wadogo. Walimcheka alipoendeleza maneno vibaya, naye alikuwa mwepesi wa hasira, akawajibu walimu kwa ukali, na zaidi ya mara moja ilikuwa karibu afukuzwe. Kilichomsaidia kwanza ni bibi mmoja, Sophia Hopkins, mlezi wa bweni lake, ambaye alimchukua kama binti yake na kumpeleka kwake wakati wa likizo. Kitu cha pili ni madaktari wa macho wa Boston, ambao walimpasua na kumrudishia nuru kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya kawaida, ijapokuwa kwa maumivu. Mwaka 1886 akamaliza masomo akiwa wa kwanza katika darasa lake, akachaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake.

Katika nyumba ile ya Perkins alikaa mwanamke mtu mzima aitwaye Laura Bridgman, haoni wala hasikii. Huyu alikuwa ameletwa hapo mwaka 1837 akiwa mtoto, na Daktari Samuel Gridley Howe akafaulu kumfundisha lugha. Watu walizungumza naye kwa alfabeti ya vidole, ambayo kila herufi ina umbo lake la vidole, na kiziwi asiyeona huzipokea herufi hizo kwa kuguswa kiganjani mwake. Anne alijifunza alfabeti hiyo ili apate kumpa Laura habari za mjini. Hakujua kwamba ndiyo itakayomlisha.

*

Sasa twende kusini, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Hapo alizaliwa Helen Keller tarehe 27 Juni 1880, mtoto mzima, mwenye macho na masikio. Alipokuwa na miezi kumi na tisa alishikwa na homa kali, na homa ilipomwacha alikuwa kipofu na kiziwi. Ugonjwa ule haujulikani hasa ulikuwa nini. Wengine hudhani ni homa ya uti wa mgongo.

Wengi wanaosimulia habari hii husema kwamba Helen alikuwa kama mnyama mpaka mwalimu alipofika. Si haki kusema hivyo. Alikuwa na akili nyingi, na alikuwa amejibunia ishara zake mwenyewe. Akitaka mkate alifanya kama mtu akataye mkate na kuupaka siagi. Alizungumza kwa ishara hizo na mtoto wa mpishi wao. Hata sauti moja ya utotoni ilikuwa imembakia, sauti aliyoitoa akitaka maji. Shida yake ni kwamba alijua kuna kitu ambacho watu wengine wanacho na yeye hana. Aliwagusa midomo wakizungumza, akachezesha yake, na kisipotokea kitu alipiga mateke na kupiga kelele mpaka akachoka. Siku moja alimkuta mdogo wake mchanga amelazwa katika susu ya mwanasesere wake, akaipindua. Bahati nzuri mama yake alimdaka mtoto.

Wazazi wake, Kapteni Arthur Keller na Bibi Kate, hawakuwa na moyo wa kumkanya. Nani angempiga mtoto kama huyo? Wakamwacha afanye apendavyo. Lakini mama alikuwa amesoma kitabu cha Charles Dickens juu ya safari yake ya Marekani, chenye habari za Laura Bridgman. Wakampeleka mtoto kwa daktari wa macho wa Baltimore, naye akawaelekeza kwa Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, ambaye kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kufundisha viziwi. Bell akawashauri waandike barua Perkins. Mkuu wa Perkins, Bwana Michael Anagnos, akamfikiria Anne Sullivan.

Anne alikuwa hana kazi, na hakuwa amesomea ualimu. Akatumia miezi kadha kusoma taarifa za Daktari Howe, na macho yakazidi kumwuma. Tarehe 3 Machi 1887 akashuka katika gari moshi huko Tuscumbia, umri wake miaka ishirini, macho mekundu, na sandukuni mna mwanasesere uliotoka kwa watoto vipofu wa Perkins, ambao Laura Bridgman mwenyewe aliushonea nguo.

Alimpa Helen mwanasesere, na papo hapo akamwandikia kiganjani herufi nne za jina lake kwa Kiingereza. Helen akaziiga upesi. Aliuona ni mchezo wa vidole, hakujua kama ni neno. Siku chache baadaye akamfungia mwalimu katika chumba cha juu, akauficha ufunguo, na Kapteni Keller ikambidi alete ngazi na kumteremsha mgeni wake kwa dirishani. Siku nyingine mtoto alimpiga mwalimu usoni akamng'oa jino.

Vita vikubwa vilitokea mezani. Helen alikuwa na desturi ya kuzunguka meza wakati wa kula, akitia mkono katika sahani ya kila mtu na kuchota anachotaka. Wenyeji walikuwa wameizoea, wakaendelea na mazungumzo yao. Alipofika kwa Anne, Anne akaukamata mkono. Helen akajitupa chini. Watu wa nyumbani wakaondoka kwa uchungu, na Anne akaufunga mlango kwa ufunguo. Akaendelea kula, ingawa chakula kilikuwa hakipiti kooni. Mtoto alijaribu kuvuta kiti alichokalia, akamfinya, naye kila alipofinywa alimzaba kofi. Baadaye Helen akazunguka meza, akaona viti vitupu, akatatizika. Akarudi kula kwa mikono. Anne akampa kijiko, akakitupa. Akamlazimisha akiokote, akamshika mkono mpaka akala nacho. Kisha ikaanza vita nyingine ya kukunja kitambaa cha kujifutia. Ilikuwa karibu adhuhuri walipotoka, na mwalimu akaenda chumbani kwake akajitupa kitandani akalia.

Sisi walimu wa leo hatuwezi kuyasifu makofi yale, wala mimi siyasifu. Lakini naona ndani ya jambo hili kitu kisichokuwa katika makofi. Anne alikuwa mtu wa kwanza kumdai Helen kitu. Wengine wote walimhurumia, na huruma yao ilikuwa imemfungia katika giza zaidi ya ile homa. Anne alijua maana ya kuhurumiwa. Katika Tewksbury waliwahurumia pia, wakawapa chakula, wakawaacha.

Akaona kwamba mtoto hawezi kufundishika iwapo kila akikatazwa anakimbilia kwa mama yake. Akawaomba wazazi wampe nyumba ndogo iliyokuwa karibu, akae humo peke yake na Helen. Vyombo vya nyumba ile vikapangwa upya, na Helen akazungushwa kwa gari la farasi kabla ya kuingizwa, ili asijue yuko karibu na kwao. Siku za kwanza zilikuwa za mapambano mpaka usiku. Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa akikaa kimya, akishona, akitunga shanga, na akiendeleza maneno kadha kwa vidole. Wakati huo baba alimleta mbwa wao, Belle. Helen alimtambua, akamkumbatia, kisha akaketi karibu naye, akaushika mguu wake na kuanza kuchezesha kucha zake. Hawakufahamu anafanya nini, mpaka walipoona kwamba anamfundisha mbwa kuendeleza jina la mwanasesere.

*

Mwezi mzima ulipita hivyo. Maneno yalikuwa yakiingia mikononi, hayaingii akilini. Hasa alichanganya neno la kikombe na neno la maji, na Anne alijaribu mara nyingi kumtenganishia bila ya kufaulu. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1887 mtoto alichoshwa na somo hilo, akautwaa mwanasesere wake mpya akaubamiza chini ukavunjika, wala hakusikitika. Mwalimu hakugombana naye. Akamvika kofia wakatoka nje.

Karibu na nyumba palikuwa na pampu ya maji ya mkono, na mtu alikuwa akiteka. Anne akamshikisha Helen kikombe chini ya mdomo wa pampu, na maji baridi yalipobubujika juu ya mkono wake mmoja, akamwandikia katika mkono wa pili, polepole kisha upesi, herufi tano za neno la maji. Kikombe kikaanguka. Helen akasimama kama aliyepigwa na bumbuazi, na uso wake ukabadilika. Akaliendeleza neno lile mara kadha. Akaigusa ardhi akauliza jina lake. Akaigusa pampu. Kisha akageuka ghafula akamgusa Anne, akitaka kujua na huyu jina lake nani. Anne akamwandikia neno lenye maana ya mwalimu.

Siku ile kabla ya kulala alikuwa amejifunza maneno yapata thelathini. Aliporudi ndani aliukumbuka mwanasesere wake, akaviokota vipande akajaribu kuviunga, akalia kwa majuto, jambo ambalo asubuhi hakuliweza. Usiku, kwa mara ya kwanza, alimbusu mwalimu wake bila ya kuombwa. Na tangu siku ile mpaka kufa hakumwita kwa jina jingine ila Mwalimu. Sisi Watanzania hatulioni jambo hilo kuwa la ajabu, kwa kuwa tunaye mtu mmoja ambaye nchi nzima ilimwita hivyo. Lakini huko Marekani watu hawana desturi ya kufanya kazi ya mtu kuwa jina lake.

Habari ya pampu imeandikwa na kuchezwa katika tamthilia na sinema, na wengi huishia hapo. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilikuja wiki zilizofuata, ambazo hazina maji wala machozi. Anne alikuwa ameanza kwa kumpa Helen masomo kwa saa maalumu, mezani, neno baada ya neno. Halafu akamtazama binamu yake Helen, mtoto mchanga wa miezi kumi na mitano. Mtoto yule alikuwa hajui kusema ila maneno machache, lakini akiambiwa aonyeshe pua yake anaonyesha, akiulizwa mlango uko wapi anautazama. Hakuna aliyempa somo. Watu walikuwa wakizungumza naye tu, naye akiyaokota maneno. Anne akajiuliza kwa nini yeye anamfundisha Helen kwa njia ambayo hakuna mtoto duniani aliyejifunza nayo. Akaziacha zile saa maalumu. Kuanzia hapo akawa anazungumza katika kiganja cha Helen kama watu wanavyozungumza katika masikio ya mtoto, kwa sentensi nzima, kutwa, juu ya lo lote linalotokea, bila ya kungoja mtoto arudishe jambo alilopewa. Katika barua zake kwa Bibi Hopkins alieleza kwamba ameanza kuzitilia shaka zile taratibu za kufundisha zinazomdhania mtoto kuwa mjinga mpaka afundishwe kufikiri.

Mwalimu mwenye maazimio yake ya kazi yaliyoandikwa mpaka mwisho wa muhula atajua ni jambo gumu kiasi gani kuyafunga na kuanza upya kwa sababu ya kumtazama mtoto mchanga. Na kumbuka ya kwamba huyu alikuwa na mwezi mmoja tu wa kazi, na kama angeshindwa hakuwa na pa kurudi.

Jiografia waliisoma kando ya mto Tennessee, wakijenga kwa udongo mabwawa, visiwa na maziwa, na Helen akachimba mito bila ya kujua kwamba ndilo somo lenyewe. Walishika mbegu, vyura, na vifaranga vikitoka katika mayai. Mambo yasiyoshikika ndiyo yaliyokuwa na shida. Siku moja Helen alikuwa akitunga shanga kwa mpango fulani, akakosea, akatulia akitafuta zinavyotakiwa kufuatana. Anne akamgusa paji la uso, akamwandikia neno la kufikiri. Helen akafahamu kwamba hilo ndilo jina la jambo linalotendeka kichwani mwake wakati ule. Sidhani kama liko darasa ambalo neno hilo limefundishwa vizuri zaidi.

*

Sifa zilipoenea, zilikuja na taabu zake. Mwaka 1891, akiwa na miaka kumi na mmoja, Helen aliandika hadithi akampelekea Bwana Anagnos kwa siku yake ya kuzaliwa. Ikapigwa chapa, kisha ikaonekana inafanana mno na hadithi ya mwandishi mmoja iliyotangulia. Ilitambulikana kwamba miaka mitatu nyuma Helen alikuwa amesomewa hadithi ile kwa vidole na Bibi Hopkins, wakati Anne hayupo, akaisahau, ikarudi akilini kana kwamba ni yake. Perkins wakamweka mtoto mbele ya baraza la watu wanane, wanne vipofu na wanne wenye kuona. Anne akatolewa nje, na Helen akahojiwa peke yake kwa muda mrefu. Kura zikagawanyika nusu kwa nusu, na Anagnos akamwachilia, lakini baadaye urafiki wake nao ukafa. Helen alisumbuliwa na jambo hili miaka mingi. Kila alipoandika aliogopa kuwa maneno si yake.

Halafu wakaja watu waliodhani kwamba Anne anamchosha mtoto. Helen alikuwa ametaka kuingia chuo kikuu, na mwaka 1896 akaanza kutayarishwa katika shule moja ya wasichana huko Cambridge. Mwalimu mkuu wa shule hiyo akamshawishi mama yake, kwa barua, amtenge Anne na Helen. Mwezi Desemba 1897 Anne akaambiwa aondoke. Akatoka, kisha akarudi, akakataa kuondoka mlangoni mpaka amwone Helen. Mama akaja kutoka Alabama, akaona hali ya binti yake, akajuta kwa alivyokubali. Wakaihama shule ile wote wawili.

Katika mwaka 1900 Helen aliingia chuo cha Radcliffe. Anne aliketi karibu naye katika kila mhadhara, akimwandikia kiganjani maneno ya maprofesa. Vitabu vingi havikuwamo katika maandishi ya vipofu, kwa hiyo usiku alisoma kwa macho yake mabovu na kuvipitisha kwa vidole, saa baada ya saa. Madaktari walimwonya. Helen alipoulizwa kama anataka sehemu fulani isomwe tena, mara nyingi alisema anaikumbuka, na huku haikumbuki, ili macho yale yapumzike. Mwezi Juni 1904 akapata shahada yake kwa heshima. Mwalimu wake, ambaye alikuwa amesoma kila kitabu na kusikiliza kila mhadhara, hakupewa hata cheti.

Anne hakuwa malaika. Alikuwa na ukali, na siku za huzuni ambazo hazungumzi na mtu. Alipenda kutawala, na fedha zilimpita mikononi kama maji. Mwaka 1905 aliolewa na John Macy, kijana msomi aliyewasaidia kutengeneza kitabu cha Helen cha maisha yake kilichotoka mwaka 1903, lakini baada ya miaka tisa hivi wakatengana. Ikawa kazi yao ni kuzunguka nchi wakitoa mihadhara. Kuanzia 1920 walitokea katika majukwaa ya maonyesho, baina ya waimba nyimbo na wachezesha wanyama. Anne alichukia taa za jukwaa zilizomchoma macho, lakini walihitaji kula. Tangu 1924 wakafanya kazi na chama cha kuwasaidia vipofu wa Marekani.

Wako watu waliosema, na wengine wanasema hata leo, kwamba Helen hakuwa kitu ila kioo cha Anne, na kwamba mawazo yote yalikuwa ya mwalimu. Neno hili liliwaumiza wote wawili. Jibu lake lilikuja baada ya Anne kufa. Helen aliishi miaka thelathini na miwili zaidi. Akaandika vitabu, akasafiri katika mabara mengine, akaifika Afrika ya Kusini mwaka 1951, akisema na watu juu ya vipofu na viziwi. Kama angekuwa kioo tu, kioo kingebaki kitupu siku ile. Tena yako mambo mengi ambayo mwanafunzi hakukubaliana na mwalimu wake. Helen alikuwa mshika dini sana, Anne hakuwa. Helen alikuwa na matumaini juu ya wanadamu, na Anne, aliyetoka Tewksbury, alikuwa na machache. Hakumlazimisha kuyaacha yake.

Mwaka 1929 jicho lake la kulia lilitolewa kwa sababu ya maumivu, na la kushoto likazidi kufifia mpaka akarudia giza alilolitoka Boston. Sasa Helen ndiye aliyemsaidia mwalimu wake kuzoea tena kusoma kwa vidole, naye akawa mwanafunzi mkaidi. Chuo kikuu cha Temple kilitaka kuwapa wote wawili shahada ya heshima mwaka 1931. Helen akakubali, Anne akakataa, akiona hastahili. Mwaka uliofuata wakamshika, akaipokea.

Alikufa tarehe 20 Oktoba 1936 nyumbani kwao Forest Hills, New York, Helen akiwa amemshika mkono. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa kuu la Washington.

Miaka mingi Helen alikusanya karatasi ili aandike kitabu juu ya maisha yake. Mwaka 1946, alipokuwa safarini Ulaya, nyumba yake huko Connecticut iliungua, na kitabu chote kilichokuwa karibu kumalizika kikateketea pamoja na barua na kumbukumbu za miaka yote. Alikuwa na miaka sitini na sita. Akaanza tena tangu mwanzo, kwa kukumbuka tu, na kitabu kikatoka mwaka 1955. Jina alilokipa ni neno moja, lile lile aliloandikiwa kiganjani kando ya pampu. Naye alipokufa tarehe 1 Juni 1968, majivu yake yakawekwa katika kanisa lile lile la Washington, karibu na ya Mwalimu. Hapo pana bamba la shaba lenye majina yao kwa maandishi ya kawaida na ya nukta nundu, na wanaofika, wanaoona na wasioona, huligusa kwa vidole.